Maneno ya Sista Niliyaweka Mwisho

Baba yangu alikuwa koplo mstaafu asiyejua kusoma Kiingereza, lakini gazeti lilipofika kambini yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulitaka. Tulikuwa Sudan wakati huo, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mpaka wa Koboko. Tulivuka mwaka wa sabini na tisa, serikali ya Uganda ilipoanguka na kila mwenye ndugu jeshini akaanza kutazamwa kama adui. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari Arua, na kazi yangu ya kwanza ukimbizini ilikuwa kumsomea baba habari zilizotuhusu sisi wenyewe.

Magazeti yalikuja kwa njia mbili. Mengine yaliachwa na madereva wa malori ya misaada, mengine yalikuja yamefungia chumvi. La kwanza nililomsomea lilituita wageni. Lilikuwa na picha ya mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na cherehani kichwani, na chini yake maneno ya kuwasifu wenyeji kwa kutugawia mashamba. Baba alitaka nimsomee mara mbili. Alimjua yule mama. Baba na mume wa mama huyo walikuwa kikosi kimoja.

Mwaka wa pili hatukuwa wageni tena, tulikuwa wakimbizi. Habari zikawa za visima na kuni. Mwaka wa nne au wa tano, sikumbuki vizuri, lilikuja gazeti lenye habari ndefu kwamba watu wa Uganda wanauza msaada, na kwamba msaada ungefaa upunguzwe. Baba alinisikiliza hadi mwisho, ametulia, mikono iko magotini.

“Hii mutu nasema sisi iko wezi?” akauliza. Nyumbani tuliongea Kikakwa, lakini akikasirika alirudi kwenye Kiswahili chake cha kambi ya jeshi.

“Hajasema wezi, baba. Anasema tunauza.”

“Leta karatasi. Andika. Sema, mutu haiwezi kulima na blanketi.”

Mwezi ule alikuwa ameuza blanketi mbili akanunua majembe. Niliiandika barua kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, nikampa dereva aliyekuwa anakwenda Juba. Kwa wiki nyingi kila gazeti lililofika baba aliniuliza kama barua yake imo. Haikuwamo. Alikufa kwa malaria kabla hatujarudi nyumbani, tukamzika pembeni mwa shamba la mihogo lililolimwa kwa majembe yale.

Mwaka wa themanini na sita vita vya Sudan vilikuwa vinatukaribia, nasi tukaanza kurudi. Koboko tuliyoikuta haikuwa na paa. Nyasi zilikuwa zimeota ndani ya nyumba yetu mpaka zikatokeza madirishani. Nilijenga vibanda viwili vya nyasi, kimoja changu na kimoja cha mama, nikapata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Nilikuwa sijaoa bado. Mama alirudi na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, kilichomwanza Sudan. Nilimpeleka hospitali ya Kuluva kwa baiskeli hadi Arua na kutoka hapo kwa pikapu. Walikisafisha kikakaribia kupona, lakini nyumbani sikujua kukitunza kama walivyonielekeza, kikafunguka tena.

Uandishi niliuingia kwa bahati. Gazeti moja la Kampala lilikuwa linatafuta watu wa kulitumia habari kutoka mikoani, na mhariri wake alipofika Arua mtu akamtajia mwalimu wa Koboko mwenye Kiingereza kizuri. Utaratibu ulikuwa rahisi. Niliandika kwa mkono, nikasafiri hadi Arua Jumamosi, nikampa bahasha kondakta wa basi la Kampala. Gazeti lenyewe lilitufikia Koboko baada ya siku tatu au nne, limekunjwa na limeshasomwa na wengi njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wasudani walianza kuvuka kwetu kwa wingi. Wengine tuliwatambua kwa sura. Nilikwenda mpakani, nikakaa huko siku mbili, nikaandika habari ambayo mpaka leo siionei haya. Niliandika kuhusu bibi mmoja wa Koboko aliyekuwa anasimama barabarani kila asubuhi na sufuria ya uji, akiwauliza wapitao kama kuna anayetoka kijiji cha Sudan kilichomhifadhi. Mhariri aliipa ukurasa wa tatu na kichwa kilichosema sasa ni zamu yetu. Jina langu lilikuwa pale chini. Dukani watu waliisoma kwa sauti, mzee mmoja akanishika mkono na kuniambia nimesema vizuri. Nilitembea siku ile kama niliyevaa viatu vipya.

Katika mwezi ule ule ndipo sista alipofika nyumbani kwetu. Alikuwa muuguzi wa upande wa Yei, kule Sudan, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na alikuwa na watoto wawili wa marehemu dada yake. Hakuja kuomba chakula. Aliomba mahali pa kulala hadi atakapopata pa kwenda. Mama alimpa kile kibanda changu, mimi nikahamia jikoni, na yule “hadi atakapopata” akawa mtu wa nyumbani kwa miaka.

Siku ya pili aliona jinsi mama anavyotembea.

“Mama, nikuangalie mguu?” akauliza. Kikakwa chake kilikuwa chetu kabisa, ila alikichanganya na Kiarabu cha Juba.

“Huu? Huu umeshanizoea,” mama akasema.

Sista alichemsha maji, akatia chumvi, akaacha yapoe. Kuanzia siku ile hakuna asubuhi aliyokosa. Alimkalisha mama kwenye kigoda, akafungua kitambaa cha jana, akaosha, akafunga kipya. Halafu alikwenda kwa wakimbizi wenzake waliokuwa wametawanyika mjini na pembezoni, akawatibu kwa alichoweza kupata. Wenyeji nao walimwita. Watu wote wa upande wetu walimjua kwa jina hilo moja, sista, wala hakukuwa na mwingine. Msichana mkubwa kati ya wale watoto wawili aliingia darasani kwangu.

Siwezi kutaja siku ambayo habari zangu zilibadilika. Nilituma habari nyingine ya watu kuvuka mpaka, ikatoka ndani, fupi. Nikatuma ya tatu, haikutoka. Nilimpigia mhariri simu kutoka posta ya Arua, nikapanga foleni asubuhi nzima ili nizungumze naye dakika chache.

“Hiyo tulishaiandika,” akasema. “Wanakuja, wanapokelewa, wasomaji wameelewa. Wewe niambie kuna nini kipya.”

“Wanaendelea kuja,” nikasema.

“Sasa hicho si kipya.”

Kilichokuwa kipya kilikuwa ugomvi. Mkulima wa kwetu alimkuta mkimbizi akikata mti shambani mwake, nikaandika, ikatoka. Madarasa yalijaa hadi watoto wakakaa sakafuni, nikaandika, ikatoka. Wanawake wawili walitoana damu kisimani, ikatoka na picha. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Lakini wiki ile ya wanawake wa kisimani, wanawake wengine kwenye kisima hicho hicho walichota maji wakasaidiana kutwishana ndoo, na hilo sikuliandika kwa sababu nilijua halitatoka. Polepole maneno yangu pia yalibadilika. Mwanzoni nilikuwa naandika “familia zilizokimbia vita”. Kisha nikaandika “wakimbizi”. Baadaye nikaanza kuandika “mzigo”, na mara moja nikaandika “wimbi”. Mhariri hakunipa maneno hayo. Niliyachagua mwenyewe, mezani kwangu, sista akiwa nje anaanika nguo.

Habari yenyewe iliyoniletea majuto ilianzia sokoni. Kila mtu Koboko alijua kwamba mahindi, maharage na mafuta ya msaada vinauzwa pale. Makopo ya mafuta yalikuwa yameandikwa ubavuni kwamba si ya kuuzwa, na yalipangwa maandishi yakiangalia barabara. Nilikwenda na daftari langu siku ya soko. Katikati ya mstari wa wanawake nikamkuta sista ameketi nyuma ya kopo moja la mafuta.

Hakuona haya wala hakulifunika. Alinisogezea gunia nikae.

“Unaandika?” akauliza.

“Naandika.”

“Basi andika vizuri, mwalimu. Mahindi tunapewa mazima, na mashine ya kusaga haisagi bure. Chumvi hatupewi. Sabuni hatupewi. Mtoto akihitaji daftari, wewe mwenyewe unamrudisha nyumbani kwa sababu hana.” Nilifanya hivyo, kweli. “Sasa mafuta haya ndiyo vyote hivyo.” Akacheka kidogo. “Na bendeji za mama yako unadhani natoa wapi?”

Sikuwa nimefikiri. Miaka ile yote sikuwahi kujiuliza bendeji zinatoka wapi.

Niliandika yote. Hilo nilijiambia kwa muda mrefu, kwamba niliandika yote. Lakini mtu aliyetuma habari kwa miaka kadhaa anajua jinsi zinavyofupishwa. Nafasi ikiwa ndogo, gazeti linakata kutoka chini kwenda juu, na kinachobaki ni mwanzo. Nilijua. Nilianza kwa kusema kwamba chakula cha wakimbizi kinauzwa waziwazi katika soko la Koboko. Sentensi ya pili nilisema hata muuguzi miongoni mwao alikutwa akiuza mafuta, kwa sababu niliona kwamba hiyo itamshtua msomaji. Mashine ya kusaga, chumvi, daftari na bendeji niliviweka katika aya mbili za mwisho.

Nilipopanda lori la kwenda Arua Jumamosi ile bahasha ilikuwa ndani ya shati langu. Ningeweza kukaa chini mahali popote, hata pale kituo cha basi, nikaandika upya ukurasa mmoja tu. Nilikuwa na kalamu na nilikuwa na muda, basi lilichelewa. Nilikunywa chai, nikampa kondakta bahasha.

Ilitoka ukurasa wa kwanza. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilisimama dukani nikaisoma kuanzia kichwa hadi jina langu, na ni mara ya pili nilipoisoma ndipo nilipoona kwamba aya mbili za mwisho hazimo.

Sista alijua Kiingereza. Gazeti lile lilibandikwa ukutani mwa duka kwa siku mbili, naye alipita pale kila siku. Asubuhi iliyofuata alichemsha maji kama kawaida, akaosha kidonda cha mama, akafunga. Alinisalimia. Akatoka kwenda kwa wagonjwa wake.

Mama hakujua kusoma, lakini jirani alimsomea. Jioni aliniita, yuko kwenye kigoda.

“Bendeji yangu umeiandika?”

“Niliiandika, mama. Wameikata.”

“Ulijua watakata?”

Mama alinitazama, kisha akatazama mguu wake. Hakunigombeza. Kuanzia pale akaacha kuniita mwanangu. Alianza kuniita mwalimu, kama wanavyoniita watu wa nje, na iliendelea hivyo zaidi ya miaka miwili.

Wakubwa wa wilaya na watu wa misaada walifika wiki hiyo hiyo. Sokoni makopo yalitoweka kwa siku chache. Kisha likaja tangazo kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini na kwenye nyumba za watu wahamie kwenye makazi mapya, mbali, upande wa pili wa Arua. Atakayebaki hatapata chakula. Inawezekana mpango ule ulikuwepo kabla ya habari yangu. Watu wameniambia hivyo kwa nia njema. Lakini ofisa aliyekuja kututangazia alikuwa na gazeti mkononi, na ukurasa aliokunja nje ulikuwa ule.

Malori yalikuja kuwachukua kwenye uwanja wa shule yetu. Mwalimu mkuu alinipa orodha, nikasimama mbele ya darasa langu nikasoma majina ya watoto wanaotakiwa kutoka. Yule msichana wa sista alikuwa wa nne. Alikusanya vitu vyake, akaniuliza kama aache kitabu cha hesabu kwa kuwa ni cha shule. Nikamwambia aende nacho. Kutoka dirishani niliwaona wakipandishwa. Sista alisimama chini hadi wa mwisho, akiwainua vikongwe na wajawazito, halafu akapanda mwenyewe. Mama alikuwa amejikokota hadi pale na mguu wake. Walishikana mikono kupitia ubao wa lori. Mimi nilibaki darasani na watoto waliobaki, na hakuna nilichofundisha.

Ilipita miezi kabla sijakwenda kumtafuta. Sababu nilizojipa zilikuwa nyingi: mitihani, mvua, barabara. Mwishowe mama ndiye alinituma. Alisaga simsim, akajaza kibuyu, akaniambia, “Mpelekee, mwalimu.”

Makazi yale yalikuwa pori lililofyekwa juzijuzi. Vibanda vilikuwa vya turubai, na visiki vya miti bado vilikuwa vinatoa majani. Nilimkuta chini ya turubai moja kubwa, watu wamepanga mstari mbele yake. Aliniona. Alinionyesha kwa mkono mahali pa mwisho wa mstari, nikakaa. Nilisubiri hadi jua likahama upande wa pili.

Zamu yangu ilipofika aliuliza kwanza, “Mguu wa mama unaendeleaje?”

“Umefunguka.”

Alinieleza la kufanya, taratibu, akanifanya nirudie kama mwanafunzi. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Ndipo nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba maneno yake niliyaandika lakini hayakutoka.

“Uliyaandika wapi?” akauliza.

“Mwisho.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. “Kuandikwa hakukunikasirisha, mwalimu. Hapa kila mtu ameandikwa, kwenye kadi, kwenye orodha. Kilichonikasirisha ni kwamba nilidhani wewe sina haja ya kukueleza. Si mliishi kwetu?”

“Tuliishi.”

“Na nyinyi mliuza nini?”

“Blanketi,” nikasema.

Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa tayari kwa mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu. Yule msichana nilimwona kwa mbali na dumu la maji. Niliuliza anasoma wapi. Shule ilikuwa haijaanza.

Niliporudi niliandika habari nyingine, na safari hii niliyaweka maneno ya sista mwanzoni kabisa. Nilimpigia mhariri.

“Ya soko ile ilikuwa nzuri sana,” akasema. “Hii ni ya zamani. Watu wamechoka na wakimbizi.”

Ningependa kuandika hapa kwamba niliacha kazi ile siku hiyo. Sikuacha. Niliendelea kutuma habari kwa miaka miwili zaidi, za bei ya tumbaku, za barabara, za ibada ya kuwakumbuka waliouawa kule Ombaci, na za wakimbizi pia, fupi fupi, zenye idadi na ofisa anayelalamika. Nilikuwa napenda kuona jina langu. Sijapata sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo, na nimeitafuta.

Waasi walipoanza kusumbua upande wetu, makazi yale hayakusalimika. Watu walikimbia usiku na mchana. Baadhi walirudi Sudan kwa miguu, ambako vita vilikuwa bado vinaendelea. Nilikwenda Arua nikazungumza na waliofika huko, nikatuma kurasa nne. Zilitoka sentensi tatu, ndani, chini ya tangazo la sabuni, bila jina la mtu yeyote. Hiyo ndiyo habari yangu ya mwisho. Hakuna aliyenifukuza. Jumamosi iliyofuata sikwenda kwenye basi tu.

Mama aliishi miaka mingine mitatu. Nilimwosha mguu mwenyewe kila asubuhi, kwa maji ya chumvi yaliyopoa, na siku moja bila kutangaza akarudi kuniita mwanangu. Kidonda hakikupona.

Njia ya Yei ilipofunguka tena, malori ya Koboko yalianza kupeleka chumvi na sabuni kule. Nilimwomba dereva mmoja tuliyesoma pamoja anitafutie habari za muuguzi mmoja. Alikuwa tayari kunisaidia. Akazima injini ili tusikilizane.

“Wauguzi kule ni wengi,” akasema. “Wa kijiji gani?”

Nilibaki nimeshika mlango wa lori. Nilikuwa nimemwuliza sista maswali mengi miaka ile, kuhusu mahindi, mafuta, kadi, foleni. Kwao ni wapi sikuwahi kumwuliza.

“Sijui,” nikamwambia.

Alingoja kidogo kama labda nitakumbuka, kisha akawasha gari.